Kutwa Moja kwa Miguu Istanbul

Nilikuwa nimebakiwa na siku moja tu Istanbul baada ya kumaliza shughuli zilizonipeleka huko, nikaamua kuitumia yote kwa miguu: nianzie Beyazıt, juu kilimani, niteremke taratibu mpaka majini Eminönü, na njiani nitafute vitu vitatu nilivyokuwa nimeviandika kwenye kikaratasi, yaani daftari zuri, shali ya mama, na kibirika cha shaba cha kuchemshia kahawa. Katika jiji lenye watu zaidi ya milioni 15 huo ni mwendo mfupi mno, na mtu asiyesimama popote anaweza kuumaliza kwa nusu saa. Mimi ulinichukua kuanzia saa tatu asubuhi mpaka jua lilipokaribia kuzama.

Tramu ilinishusha karibu na Msikiti wa Beyazıt, na hatua chache kutoka hapo nikaingia kwenye ua wenye kivuli uitwao Sahaflar Çarşısı, soko la wauza vitabu. Hapo imewekwa sanamu ya İbrahim Müteferrika, ambaye mwaka 1729 alitoa kitabu cha kwanza katika kiwanda chake cha uchapaji mjini humo. Kitabu hicho kilikuwa kamusi, jambo lililonifurahisha sana kwa kuwa maneno ndiyo mapenzi yangu. Sikujua Kituruki, hivyo nilimweleza muuzaji haja yangu kwa kuchora mstatili hewani na kufanya kama mtu anayeandika. “Defter?” akauliza. Daftari! Kisha akainua kalamu: kalem.

Tangu hapo nikawa nimetega sikio, na kutwa nzima maneno yakanijia mmoja mmoja kama jamaa waliolelewa nyumba tofauti. Dükkân ni duka, sandık ni sanduku, sabun ni sabuni, hesap ni hesabu. Kituruki na Kiswahili havina ukoo mmoja, ila vyote viwili vimekaa karne nyingi vikipokea maneno kutoka Kiarabu au kupitia Kiarabu, na mengi kati ya hayo ni ya biashara na ya maandishi. Lililonigusa kuliko yote ni salamu. Merhaba huambiwa yeyote anayepita mlangoni, na mimi niliyezoea kwamba marahaba ni jibu la mkubwa aliyeamkiwa, kila nilipoisikia nilihisi kana kwamba shikamoo yangu imeshapokelewa kabla sijaitamka.

Kutoka kwa wauza vitabu ni kuvuka kichochoro tu, na umeingia Kapalıçarşı, maana yake soko lililofunikwa. Hufungwa Jumapili, kwa hiyo nilikuwa nimepanga kwenda Jumanne. Sultani Mehmed wa Pili, baada ya kuuteka mji mwaka 1453, ndiye aliyeagiza lijengwe bedesten, jengo la kuta nene na makuba ya kuhifadhia mali ya thamani. Soko likakua kulizunguka jengo hilo, mtaa baada ya mtaa, hadi leo kuna mitaa kama 60 chini ya paa na maduka zaidi ya 4,000. Mitaa hiyo bado ina majina ya mafundi walioikalia zamani: Fesçiler ni watengeneza tarbushi, Aynacılar ni wa vioo, Terlikçiler ni wa makubazi, na Kalpakçılar ni wa kofia za manyoya, ingawa siku hizi Kalpakçılar kunang'aa dhahabu kushoto na kulia hata macho yanachoka. Wapo wanaosema soko hili limebaki kuwa la watalii. Nadhani wengi wao waliishia Kalpakçılar. Ukikata kona mbili tatu unakutana na mafundi wanaokarabati zulia au kung'arisha fedha, na chai inapita juu ya vichwa vya watu kwenye sinia lililoning'inizwa kwa vyuma vitatu.

Duka la shaba nililolipata lilikuwa dogo kiasi kwamba wateja wawili hawangeweza kupishana ndani. Mwenyewe, mzee mwenye sauti ya chini, alinikalisha kwenye kigoda, akanipa chai katika bilauri ndogo yenye kiuno, kisha akaweka mbele yangu vibirika viwili vyenye mkono mrefu, ambavyo wao huviita cezve. Kwa mbali vilifanana. Kimoja alikigonga kwa ukucha, kikatoa mlio mwepesi kama wa kopo. Nakshi zake zilikuwa zimelingana mno, alama ya mashine. Cha pili kilikuwa kizito mkononi, na ukikielekeza kwenye taa uliziona alama za nyundo, hakuna mbili zilizofanana, zikizunguka kama magamba ya samaki. Akakiongoza kidole changu ndani ya chombo nipapase bati jeupe lililopakwa ukutani, kwa sababu shaba tupu haifai kugusana na kinywaji, akanionyesha kwa ishara kwamba bati hilo likichakaa nitafute fundi alirudishie. Mwisho akapitisha kidole kwenye shingo ya chombo, palipobana kabla ya mdomo, akatamka kwa Kiingereza cha kuokoteza kwamba hapo ndipo povu linaposhikiliwa, na kahawa isiyo na povu si kahawa. Nilikinunua cha pili. Tuliafikiana bei bila kuvutana sana, naye akakifunga kwa gazeti mara tatu, akakaza uzi, akakata ncha zake kwa meno.

Shali niliinunua kwa pupa. Niliingia duka la kwanza lililokuwa na rangi aipendayo mama, nikalipa, na baadaye, nikishuka Mahmutpaşa, nikaiona shali ileile, upindo uleule, kwa bei inayokaribia nusu. Muuzaji wa juu hakunidanganya. Mimi ndiye niliyeshindwa kutembea kwanza mtaa mzima, wakati sababu mojawapo ya kazi ya aina moja kukaa mtaa mmoja ni kumwezesha mnunuzi kulinganisha.

Mahmutpaşa ni mteremko mkali unaotoka sokoni hadi chini karibu na maji, na huko ndiko niliwaona wenyeji wa jiji wakinunua mahitaji yao. Kuna magauni ya harusi, na madirisha mazima ya mavazi meupe ya watoto wa kiume wanaopelekwa jandoni, yenye joho la manyoya mabegani na kofia iliyochomekwa unyoya. Nilimwona mtoto mmoja akijaribishwa joho hilo mlangoni. Mama yake alipiga magoti kulirekebisha, na yeye alisimama wima bila kupepesa. Pembeni yao wanaume walipanda kilima wakiwa na marobota yaliyozidi vimo vyao. Huko huitwa hamal. Hamali.

Chini kabisa kuna Mısır Çarşısı, soko la viungo lililokamilika miaka ya 1660, ambalo kodi za maduka yake zilikuwa wakfu wa kuutunza Yeni Cami, msikiti ulio pembeni yake. Wakfu nao kwa Kituruki ni vakıf. Nilipita kwa haraka kwa sababu watu walikuwa wengi, ila nilisimama penye gunia la karanfil, nikainama, nikaivuta harufu ya karafuu mpaka mwenye duka akacheka. Nje, kwenye pembe ya jengo, kuna foleni isiyokatika mbele ya Kurukahveci Mehmet Efendi, wanaouza kahawa tangu 1871. Nilijipanga. Kahawa husagwa hapohapo, na mfuko niliopewa ulikuwa bado na vuguvugu nilipoutia mkobani kando ya kibirika.

Jua lilipoanza kuwa jekundu nilipanda kivuko cha kwenda Kadıköy, upande wa Asia, kwa ajili tu ya kukaa juu ya maji na kupumzisha miguu. Nyuma yetu minara ya Yeni Cami na ya Süleymaniye ilikuwa imegeuka vivuli. Nilimwonyesha saa mzee aliyeketi kando yangu, nikaelekeza kidole ng'ambo. Aliinua vidole vyote vya mkono mmoja, akasema, “Beş dakika.”