Neno Linapobadilika Kichwani: Kutafuta Habari katika Kamusi Elezo ya Kiswahili

Mwezi wa kumi uliopita, msimu wa korosho ukiwa umepamba moto na harufu ya mabibo, yaani matunda ya mkorosho, imetanda hadi barabarani, mpwa wangu aliye kidato cha pili alikuja nyumbani kwangu Chuno, hapa Mtwara mjini, akiwa na kazi ya shule kuhusu mazao ya biashara ya kusini. Alikuwa amechagua kuandika habari za tunda lenyewe badala ya korosho, kwa kuwa aliona wenzake wote wangeandika juu ya korosho na bei yake mnadani. Akachukua simu, akafungua kamusi elezo ya mtandaoni, akaandika «mabibo» katika kisanduku cha kutafutia. Ukurasa uliofunguka ulihusu kata ya Mabibo, jijini Dar es Salaam. Akanigeuzia kioo cha simu ili nijionee.

«Mjomba, mbona hapa wananieleza habari za Ubungo? Mimi nataka mabibo haya yanayoliwa.»

Nilimwambia ajaribu «mkorosho». Akanijibu kwa adabu, lakini kwa uthabiti, kwamba yeye hakuuliza mti, aliuliza tunda. Jibu lake limenikaa moyoni tangu siku ile, maana mimi ni mmoja wa watu wanaoandika na kusahihisha makala katika kamusi elezo za namna hii kwa kujitolea, na kwa miaka yote niliyofanya kazi hiyo nimehangaika zaidi na wingi wa makala kuliko njia ya kumfikisha msomaji kwenye makala zilizokwisha kuandikwa. Makala isiyopatikana kwa neno analolijua msomaji haimfai kitu, hata kama imeandikwa kwa ustadi mkubwa.

Kamusi elezo hiyo, Wikipedia, ilianzishwa Januari 2001, na toleo lake la Kiswahili likafuata mwaka 2003. Programu inayoiendesha huitwa MediaWiki, na utafutaji wake unategemea nyongeza iitwayo CirrusSearch, ambayo ilianza kuwekwa mwaka 2013. Watu wengi hudhani kwamba ukibonyeza kitufe cha kutafuta, mtambo huanza kusoma kurasa zote, moja baada ya nyingine, mpaka ukute neno lako. Sivyo. Mtambo huwa umekwisha kutayarisha faharasa kubwa, mfano wa ile iliyo nyuma ya kitabu cha kiada, ambamo kila neno limeandikwa pamoja na orodha ya kurasa zinazolitumia. Unapouliza, kinachosomwa ni faharasa hiyo. Kwa hiyo swali la msingi ni hili: je, maneno mawili yaliyo ndugu yameingizwa katika mstari mmoja wa faharasa, au kila moja limewekewa mstari wake?

Kwa Kiingereza swali hilo lilipata jibu zamani. Mwaka 1980 Martin Porter alichapisha kanuni za kukata miishio ya maneno ya lugha hiyo, ili neno la umoja, la wingi na la kitendo yakutane kwenye shina moja. Tangu wakati huo lugha nyingi zimetengenezewa kanuni za aina hiyo. Lucene, ambayo ni msingi wa mitambo mingi ya utafutaji ikiwemo hii ninayoisimulia, ina vichanganuzi vya Kifaransa, Kiarabu, Kihindi, Kifini na lugha nyingine kadhaa. Katika orodha yake niliyoisoma, Kiswahili hakimo.

Hata hivyo, kuongeza jina la Kiswahili kwenye orodha hiyo hakutoshi, kwa sababu lugha yetu ina desturi yake. Kiingereza hubadilisha neno mkiani, nacho Kiswahili hulibadilisha kichwani. Kitabu huwa vitabu, mti huwa miti, mwalimu huwa walimu, na kitenzi hubeba mbele yake mtendaji, wakati na mtendwa kabla mzizi haujaonekana. Chukua kazi ya kubangua, ambayo hapa kwetu kila mtu anaijua. Tunasema bangua, kubangua, wanabangua, zimebanguliwa, mbanguaji, wabanguaji, ubanguaji. Mtambo wa CirrusSearch unaruhusu msomaji kuweka nyota mwishoni mwa neno ili apate miendelezo yake yote, lakini ukiandika «bangu*» utapata bangua na banguliwa tu, wala hutapata kubangua wala ubanguaji, kwa kuwa nyota imesimama mahali ambapo neno letu halisumbui.

Hali ni hiyo hiyo katika mapendekezo yanayojitokeza chini ya kisanduku wakati unaandika. Mapendekezo hayo husoma majina ya makala kuanzia herufi ya kwanza, na huvumilia kosa la herufi moja au mbili, jambo ambalo ni msaada mkubwa kwa mtu aliyeandika «kolosho» kwa sababu ndivyo bibi yake anavyotamka. Lakini anayeandika «vinyago» hali makala inaitwa «Kinyago» amekwenda njia nyingine tangu hatua ya kwanza. Hakukosea tahajia wala hakukosea Kiswahili. Ametumia wingi tu, kama mtu yeyote angefanya, maana huku kwa Wamakonde hakuna anayezungumza juu ya kinyago kimoja.

Mtu anaweza kusema basi tukate viambishi awali kama wenzetu walivyokata miishio. Nilijaribu hilo kwa kalamu na karatasi jioni moja, nikitumia majina ya kwetu, na matokeo yalinitia hofu. Ukikata «ki» katika Kilwa unabaki na «lwa», ambalo si neno. Ukikata «mi» mwanzoni na «ni» mwishoni mwa Mikindani unapata «kinda», yaani mtoto wa ndege, na anayetafuta habari za mji ule wa kale ambako Livingstone aliondokea mwaka 1866 kwenda bara atapelekwa kwenye viota. Mafuta yatakuwa «futa». Tena kuna mtego ulio mbaya zaidi: «hawakulima» ukiondolewa «ha» unakuwa «wakulima», na aliyeuliza habari za watu wasiolima ataletewa wakulima. Aidha, yako maneno ambayo ukataji hauwezi kuyaunganisha kabisa. Jiwe na mawe, jino na meno, ulimi na ndimi: kila mzungumzaji anajua kuwa ni umoja na wingi, lakini mkasi hauna namna ya kulijua hilo.

Ninachokiona kuwa njia ya haki ni kutotegemea mkasi peke yake. CirrusSearch tayari huhifadhi neno kwa sura mbili, ile iliyochanganuliwa na ile iliyoandikwa na mwandishi bila kuguswa, hivyo inawezekana kabisa kuipa uzito zaidi sura halisi, na ndugu zake zikafuata chini. Mtu akiandika Mikindani, Mikindani itangulie. Kisha kanuni ya kuunganisha umoja na wingi itumike pale tu ambapo maneno yote mawili yanaonekana kweli katika maandishi. Kwa kuwa «miti» na «mti» yote yamo, yaunganishwe, na kwa kuwa «lwa» haimo, Kilwa iachwe ilivyo. Mengine yote yaliyopinda yaandikwe moja moja na watu wanaoijua lugha. Mahali pa kuyaandika papo, kwani Wikidata, hazina ya data iliyofunguliwa mwaka 2012, imekuwa ikipokea tangu mwaka 2018 maingizo ya maneno pamoja na sura zake zote, na mtu yeyote anayejua kwamba wingi wa ukuta ni kuta anaweza kuingiza neno hilo kwa dakika chache akiwa na simu tu. Siwezi kuandika programu, lakini ngeli nazifahamu, na nina hakika wako maelfu ya walimu wa Kiswahili wanaozifahamu kunishinda. Wahandisi walio mbali hawawezi kutufanyia sehemu hiyo ya kazi hata wakitaka.

Lipo pia tatizo la majina ambalo si la sarufi hata kidogo. Mifupa ya dinosauri iliyochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913, ilipelekwa Ujerumani, na mfupa kwa mfupa ikaunganishwa hadi kusimama katika makumbusho ya Berlin ikiwa na kimo cha meta 13.27. Kwa lugha ya kitabu mnyama huyo ni dinosauri, na wengine huandika dinosau au dinosaria. Kwa wazee wa Lindi, na hata kwa wabunge wanapolizungumzia jambo hilo, yeye ni mjusi. Kijana wa Lindi anayeandika «mjusi wa Tendaguru» ameuliza swali lililo wazi kabisa, lakini mtambo usioelezwa kwamba mjusi huyu ndiye dinosauri utamletea habari za mijusi wa ukutani.

Vivyo hivyo kwa vita vilivyoanzia Nandete, katika milima ya Umatumbi, Julai 1905: wako wanaoandika Majimaji na wako wanaoandika Maji Maji, na mtambo huyahesabu kuwa neno moja kwa huyu na maneno mawili kwa yule. Mto wetu wa mpakani ni Ruvuma kwetu na Rovuma kwa majirani zetu wa Msumbiji. Na mti uliomleta mpwa wangu kwangu una majina matatu yanayotumika kila siku: mkorosho, mkanju na mbibo.

Dawa ya jambo hili ipo na haihitaji mhandisi. Ni ukurasa wa kuelekeza, yaani ukurasa usio na maandishi yake, ambao kazi yake ni kumchukua msomaji kutoka jina moja hadi jina lingine. Kurasa hizo huonekana pia katika mapendekezo ya kisanduku, kwa hiyo kila unapotengeneza mmoja unakuwa umeufundisha mtambo neno jipya. Ninaamini kwamba makala isihesabiwe kuwa imekamilika kabla mwandishi wake hajatengeneza angalau maelekezo ya wingi wake, ya majina yake ya mikoani na ya tahajia zinazoshindana. Najua baadhi ya wenzangu huona kwamba kuingiza maneno ya mikoani ni kuchafua Kiswahili sanifu. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao katika hili, kwa sababu jina sanifu linabaki juu ya makala na lile la mikoani linakuwa mlango tu.

Njia nyingine ya kujua milango inayokosekana ingekuwa kusoma maswali yaliyorudi bila jibu. Hapo tahadhari inahitajika, na tahadhari hiyo ina historia. Septemba 2012 Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, ilitoa hadharani kumbukumbu za utafutaji, kisha ikaziondoa upesi baada ya kuonekana kwamba watu huandika ndani ya kisanduku mambo yao ya siri ambayo yangeweza kuwatambulisha. Kwa hiyo sidai kumbukumbu hizo zifunguliwe. Ninachofanya mimi ni kuwauliza watu walio karibu nami. Nimewauliza wauza vitabu, wanafunzi, na mzee mmoja wa Mikindani anayependa habari za majahazi, nikiwaomba wanionyeshe maneno wanayoanza nayo, nami nayaandika katika daftari.

Mpwa wangu amekuwa msaidizi wangu katika kazi hiyo. Jumapili iliyofuata tuliketi barazani, yeye na simu yake, mimi na kompyuta, tukaanza na lile neno lililomkwamisha. Jina «Mabibo» hatukuweza kulielekeza kwenye tunda, kwani kata ile ya Dar es Salaam ina haki ya jina lake. Tuliongeza mstari mmoja juu ya ukurasa wa kata, unaosema kwamba anayetafuta tunda la mkorosho aelekee huku. Kisha tukatengeneza «bibo» na «kanju» kwa ajili ya tunda, na «mikorosho» na «mbibo» kwa ajili ya mti, na jina la kisayansi, Anacardium occidentale, ambalo alilinakili katika daftari lake la shule kwa herufi kubwa na kuliwekea mstari chini.

Alipomaliza akaniuliza juu ya ule ugonjwa wa maua unaowafanya wakulima wapulize salfa, kama jina lake ni ubwiriunga kwa neno moja au ubwiri unga kwa maneno mawili. Nilimwambia nimeyaona yote mawili yakiandikwa na watu wanaojua kazi yao. Akafikiri kidogo, akavuta kompyuta upande wake, akatengeneza ukurasa wa kwanza, halafu wa pili.