Siku niliyomfukuza bundi mweupe

Ilikuwa Januari, baridi digrii 15 chini ya sifuri, na mjomba akanipitia asubuhi giza bado halijaisha vizuri tukazunguke mashambani kuangalia ndege. Yeye hiyo kazi ameianza kabla mi sijazaliwa, mi ndo kwanza nilikuwa na darubini yangu mwenyewe, mpya kabisa, naishika kama yai.

Kitu cha kwanza alichonifundisha siku hiyo ni kuhusu hita. Tukifika sehemu ya kuangalia anazima hita, anazima injini, halafu ndo anashusha kioo, mi nakufa na baridi nashangaa tunajitesa kwa nini. Akaniambia ukishusha kioo na ndani kuna joto, ile hewa ya moto inatoka inakutana na ya baridi, basi mbele ya darubini yako hewa inacheza kama juu ya sufuria inayochemka, ndege unamwona kama yuko chini ya maji. Na injini ikiwaka gari linatikisika, mkono nao unatikisika. Nikajaribu mara moja hita ikiwa imewashwa nikaona kweli, sikuuliza tena.

Watu wanadhani msimu wa theluji ndege wote wamehama, mashamba matupu. Hapana jamani. Pale kando ya barabara ambapo greda lilikuwa limekwangua theluji mpaka udongo ukaonekana, kulikuwa na kundi la vipozamataza wale wenye vipembe viwili vya manyoya kichwani, kama thelathini hivi, wanadonoa mbegu na vijiwe. Vijiwe pia, ndiyo, maana ndege hana meno, mbegu anaisagia kwenye firigisi na vile vijiwe ndo vinafanya hiyo kazi. Tulikaa nao karibu nusu saa na mjomba hakuonyesha haraka hata kidogo.

Mbele zaidi kulikuwa na shamba la mahindi lililovunwa, mabua yamechomoza juu ya theluji, na katikati kitu cheupe. Nikasema hilo ni fuko la plastiki. Mjomba akasimamisha gari taratibu, hakusema kitu, akanionyesha kwa kidevu tu. Nikaweka darubini. Lile fuko likageuza kichwa likanitazama kwa macho mawili ya njano.

Bundi mweupe! Yule wa kaskazini kabisa huko kusikokuwa na miti, ambaye anawinda hata mchana, ana manyoya mpaka kwenye vidole vya miguu. Huyu alikuwa na mistari mingi myeusi kifuani, mjomba akanong'ona kwamba huenda ni jike na bado mdogo, maana dume akikomaa anakuwa mweupe karibu wote. Moyo ulikuwa unanidunda mpaka darubini inaruka ruka.

Mjomba akainama kuandika kwenye daftari lake na hapo ndo nilipofanya nilichofanya. Nilitaka picha, simu yangu kutoka pale ilikuwa inaonyesha nukta tu, nikafungua mlango nikashuka. Nikapiga hatua kama ishirini hivi, theluji inalia chini ya viatu. Bundi akajibana, akainama mbele, akaruka. Mabawa yale ni kama mita moja na nusu ukiyapima kutoka ncha mpaka ncha na sikusikia hata sauti. Kunguru wawili wakatokea sijui wapi wakaanza kumkimbiza, wanamshambulia kwa juu, mpaka wote watatu wakapotea nyuma ya mstari wa miti.

Niliporudi kwenye gari mjomba hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, gari wanalizoea, mtu akishuka kwa miguu wanamwogopa. Huyu ametoka mbali sana, na baridi hii kila akiruka bure anachoma mafuta ambayo hajui atayarudishaje." Nikamwambia samahani mjomba. Akanijibu, "Si mimi uliyenirusha." Akamalizia kuandika, na mi nikachungulia: saa 4:20, bundi mweupe 1, jike, amefukuzwa.

Hilo neno la mwisho lilinikaa kooni mchana kutwa. Tuliona vingine, nakumbuka kidogo sana.

Jioni jua linashuka, na linashuka mapema mno miezi hiyo, tukamkuta shakivale mwenye miguu ya manyoya, naye mgeni wa kaskazini, anapigapiga mabawa hewani sehemu moja kauelekea upepo, macho chini anatafuta panya wa shambani. Halafu akatua juu kabisa ya mti, kwenye kitawi chembamba ambacho ungesema kitavunjika. Miguu yake ni midogo, ndo maana anaviweza vitawi kama vile. Mjomba akazima hita, akazima injini, akashusha kioo. Mi mikono yangu nimeibana kati ya magoti, mlango siugusi.

Tulimwangalia mpaka vidole vyangu vikafa ganzi. Mjomba akanipa daftari na kalamu. Nikaandika: saa 10:05 jioni, shakivale 1, amekaa. Gari lilipowaka nikageuka kuangalia nyuma, alikuwa bado amekaa.