Kwa Nini Simpi Mtu Pipa Tupu la Tolueni

Watu wengi wanaofika kwenye geti la kiwanda cha rangi ninakofanya kazi, hapa Dar es Salaam, hawana haja na rangi. Wanaulizia mapipa. Pipa la chuma la lita 200 lina soko kubwa mjini, kwa sababu likikatwa katikati huwa jiko la kuchomea nyama, likipasuliwa na kunyooshwa huwa bati la kuzungushia banda, na likitolewa mfuniko hufaa kuhifadhia maji ya ujenzi. Mapipa yaliyoleta malighafi za rangi za maji hayanipi shida. Yaliyoleta tolueni siyatoi, hata kwa mtu ninayemheshimu, na kwa kuwa nimechoka kueleza sababu nikiwa nimesimama juani, nimeona niiandike kwa kirefu.

Tolueni ni kimiminika kisicho na rangi, chenye harufu kali inayoelekea utamu, ambacho hutokana na mafuta ghafi na hutumika viwandani kuyeyushia vanishi, gundi na aina nyingi za rangi za mafuta. Thina wanayotumia mafundi samani wa Keko na wapuliza rangi za magari kwa kawaida ni mchanganyiko wa tolueni, zaileni, asetoni na vimiminika vingine vya jamii hiyo, kwa hiyo hata asiyewahi kulisikia jina hili huenda ameshainusa.

Jambo ambalo wengi hulipita haraka ni kwamba kinachoungua ni mvuke uliochanganyika na hewa. Mvuke wa tolueni ukiwa chini ya asilimia 1.1 ya hewa hauwaki kwa kuwa ni mchache mno, na ukizidi asilimia 7.1 hauwaki pia, kwa kuwa hewa iliyobaki haiutoshi. Kati ya viwango hivyo viwili, cheche moja inatosha. Ili itoe mvuke wa kufikia kiwango cha chini, tolueni inahitaji joto la nyuzi 4 tu za Selsiasi, baridi ambayo mji wetu hauijui.

Sasa chukua pipa lililofungwa, ambalo ndani yake kimebaki kiasi kidogo cha tolueni, likakaa kwenye kivuli chenye joto la nyuzi 30. Kimiminika kitatoa mvuke mpaka hewa ya ndani isiweze kuupokea zaidi, na kwa joto hilo mvuke utakuwa umefikia takriban asilimia 4.8. Namba hiyo iko katikati kabisa ya masafa ya kuwaka. Petroli ina tabia tofauti hapa: mvuke wake ni mwingi kiasi kwamba ndani ya tangi lililofungwa kwa kawaida huzidi kiwango cha juu, na hatari yake kubwa hujitokeza pale inapokutana na hewa ya nje. Yaliyotokea Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo lori la mafuta lilipinduka na moto ukaua zaidi ya watu 100, yaliwafundisha wengi kuiogopa petroli, na ni haki yake kuogopwa. Thina bado inauzwa kwenye chupa za maji ya kunywa, na muuzaji huvuta sigara kando yake. Wala haihitajiki nyingi. Nimepiga hesabu: ili hewa yote iliyomo ndani ya pipa la lita 200 ifikie kiwango cha chini cha kuwaka, inatosha takriban mililita kumi za tolueni, yaani kama vijiko viwili vya chai.

Fundi mmoja aliwahi kunibishia. "Bosi, hili halina kitu, nimelitikisa," aliniambia, na kweli nilipolitikisa sikusikia chochote. Tulilifungua, tukaliinamisha kwenye ubao kwa kona ili tundu la kizibo liwe chini kabisa, tukatega kikombe cha kahawa. Kilichochuruzika kilikijaza kikombe karibu hadi mdomoni. Ujanja uko kwenye muundo wa pipa lenyewe, kwa kuwa mfuniko na kitako huungwa kwa kukunja bati juu ya bati, na mkunjo huo hushika kimiminika ambacho hakuna mtikiso unaoweza kukitoa. Kutu nayo hunyonya sehemu yake. Kuliosha kwa maji na sabuni mara moja au mbili hakusaidii sana, kwa kuwa tolueni huyeyuka kidogo mno katika maji, na joto la tochi ya gesi au la diski ya grenda huitoa mkunjoni kama mvuke mpya hata pale ambapo ule wa awali ulikwisha kutoka. Ndipo kitako cha pipa hung'oka, na aliye mbele yake huwa hana muda wa kukwepa. Wapo wanaoamini kwamba kuingiza moshi wa ekzosi ya gari ndani ya pipa huondoa hewa na kulifanya salama. Moshi huo bado unaweza kuwa na oksijeni, hakuna anayepima umefika wapi, na sioni sababu ya kumwekea mtu uhai wake dhamana kwa kitu kisichopimwa.

Kwa wanaoishughulikia tolueni yenyewe, si mapipa matupu, hatari inayosahaulika zaidi ni umemetuli, yaani chaji ya umeme inayojikusanya kwenye kitu bila kutiririka. Kimiminika hiki hupitisha umeme kwa shida mno, hivyo kinapotiririka kwenye mpira au kuanguka kwa kishindo ndani ya chombo, chaji hujikusanya ndani yake na hukosa njia ya kutoka. Inapopata njia, hutoka kwa cheche, na cheche hiyo hutokea mdomoni mwa chombo, mahali hasa ambapo mvuke upo. Nimesikia mara nyingi kwamba sisi watu wa pwani tuko salama kwa sababu hewa yetu ina unyevu. Unyevu husaidia juu ya nguo na sakafu, lakini chaji iliyomo ndani ya kimiminika haiondolewi na hewa ya nje. Kinachosaidia ni waya: pipa la chuma liunganishwe na chombo cha chuma kinachopokea kwa waya wenye vibanio vinavyouma hadi kwenye chuma chenyewe, si juu ya rangi, kisha vyote viunganishwe na waya wa ethi uliofika ardhini, na umiminaji uwe wa polepole huku mdomo wa mpira ukigusa kitako cha chombo kwa ndani. Dumu la plastiki haliwezi kuungwa namna hiyo, na ndiyo maana kwetu ni marufuku kulitumia kwa kazi hii.

Mvuke wenyewe ni mzito zaidi ya mara tatu ya hewa. Haupandi darini, hushuka, ukatambaa sakafuni kama maji yaliyomwagika, ukaingia kwenye mtaro na kutokea mahali ambapo hakuna anayefikiria kazi ya rangi. Karakana nyingi nilizotembelea zina madirisha ya juu na mama lishe jirani mwenye jiko la mkaa usawa wa ardhi, mpangilio ambao ni mbaya kwa pande zote mbili. Tundu la kutolea hewa linapaswa kuwa chini, karibu na sakafu, na feni inayowekwa hapo iwe ya aina isiyotoa cheche.

Kuhusu pua, nieleze kwa ufupi. Harufu huonekana kwisha baada ya muda, ilhali tolueni ingali hewani, kwa kuwa pua imezoea. Wataalamu wa afya za viwandani wa Marekani wa ACGIH hupendekeza wastani usiozidi sehemu 20 kwa milioni kwa siku ya kazi, na kiwango cha chini cha kuwaka ni sehemu 11,000. Hii ina maana kwamba hewa ambayo bado haiwezi kuwaka inaweza kuwa imezidi kikomo cha afya kwa zaidi ya mara 500, na mfanyakazi hupata kizunguzungu na kupoteza umakini muda mrefu kabla ya moto kuwezekana. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke hata kidogo. Inayofaa ni ile yenye vichujio vya mkaa maalumu, navyo hubadilishwa vinapojaa. Kunawa mikono kwa thina ni desturi mbaya iliyoenea kuliko zote. Mtoto akinywa thina kwenye chupa ya maji, asitapishwe, kwa kuwa kimiminika kikiingia mapafuni wakati wa kutapika madhara huwa makubwa zaidi. Wala maziwa si dawa yake. Apelekwe hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Moto ukishika, maji ya ndoo hueneza balaa, kwa sababu tolueni ni nyepesi kuliko maji, na huelea juu yake ikiendelea kuwaka hadi inakofika. Unga mkavu, povu au mchanga hufaa kwa moto mdogo. Ikiwa thina ina asetoni nyingi, povu la kawaida huvunjika, na linahitajika lile lililotengenezwa kwa ajili ya vimiminika vinavyochanganyika na maji.

Mapipa yetu matupu hufungwa vizibo na kurudishwa kwa aliyetuuzia tolueni, na yasiyorudishika hupelekwa kwa wenye kibali, ambao huyasafisha kwa mvuke wa maji na kupima hewa ya ndani kwa kifaa kabla ya chuma chochote kuguswa. Aliye nalo nyumbani tayari, na lebo yake ina alama nyekundu ya umbo la almasi yenye mwali wa moto na namba 1294, alifunge vizibo vyote viwili, aliweke nje kivulini mbali na jiko na watoto, asiligonge wala kulikata, na awasiliane na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali aelekezwe pa kulipeleka. Likishika moto, asogeze watu mbali kwanza, kisha awapigie zimamoto, namba 114.