Kumbukumbu ya mradi wangu: umri wa koti la Owino

Juma la tisa. Leo nimeandika mwaka mbele ya kipengele cha 14 katika daftari langu, nafasi iliyokuwa wazi tangu nilipoanza kulichunguza koti hili. Ni koti la kiume la sufu, rangi ya kahawia yenye miraba, vifungo vya ngozi iliyosukwa, nililolipata katika soko la Owino, Kampala, kwa shilingi 25,000 za Uganda baada ya muuzaji kuanzia 40,000. Lilishonwa Marekani kati ya mwaka 1970 na 1976. Kipindi cha miaka sita kinaweza kuonekana kirefu kwa mtu asiyeshughulika na nguo za zamani, lakini juma lililopita nilikuwa bado nahesabu miaka ishirini na zaidi, na usiku wa leo nimefurahi kama mtu aliyepata ufunguo uliopotea.

Kuhusu ununuzi wenyewe sina mengi ya kusema. Soko la St. Balikuddembe, ambalo sote tunaendelea kuliita Owino, lina sehemu yake ya makoti, na kwa mtu anayetafuta nguo za zamani sehemu hiyo ina neema moja: wanunuzi wa Kampala hawaigombanii. Belo, yaani furushi kubwa la mitumba, la mashati au la magauni linapofunguliwa alfajiri, wenye maduka huchukua yaliyo bora kabla jua halijatoka vizuri, lakini koti zito la sufu linaweza kuning'inia miezi kadhaa. Muuzaji wangu aliniambia kwamba wateja wake wakuu ni watu wa Kabale, kule milimani kwenye baridi, na wasafiri wanaokwenda nchi za baridi. Kwa hiyo mimi hufika saa nne, wakati wachuuzi wamepata nafasi ya kuzungumza, na hulipekua kila koti hadi ndani ya bitana bila mtu kunisukuma.

Tatizo la koti hili lilikuwa shingoni. Lebo ya kampuni ilikuwa imekatwa kwa wembe, zikabaki pembe nne za uzi mweusi. Kilichosalia ni kipande kidogo cha kitambaa ndani ya mshono wa ubavu, kilichoandikwa asilimia 85 sufu na asilimia 15 nailoni, pamoja na herufi RN na namba ya tarakimu tano inayoanzia na 42. Nilidhani kazi imekwisha siku hiyohiyo, kwa sababu namba za RN hutolewa na Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani kwa kampuni za nguo, na orodha yake iko wazi kwenye intaneti kwa yeyote anayetaka kuitazama. Tena kuna hesabu ambayo wapenzi wa nguo za zamani huitumia: unaondoa 13,670 kwenye namba yako, unagawanya kwa 2,635, kisha unajumlisha 1959, kwa kuwa mfululizo huo wa namba ulianza mwaka 1959. Namba yangu ilinipa karibu na 1970.

Hapo ndipo nilipokosea, na ninaliandika kosa hili kwa urefu kwa sababu nimeliona kwa wengine pia. Mwaka unaotokana na hesabu hiyo ni wa makadirio, na tena ni mwaka ambao kampuni ilipewa namba. Siyo mwaka ambao nguo ilishonwa. Kampuni iliyopewa namba mwaka 1970 inaweza kuendelea kuishona kwenye makoti yake hadi miaka ya 1990 au baada ya hapo. Kwa hiyo nilikuwa nimepata sakafu ya nyumba bila dari. Niliweza kusema koti si la kabla ya 1970 au karibu na hapo, lakini sikuwa na neno lolote la kumjibu mtu ambaye angedai kwamba ni la mwaka 1992.

Dari niliyoitafuta kwanza ilikuwa lebo ya maelekezo ya kufua. Tangu Julai 1972 sheria ya Marekani inawataka watengenezaji washone kwenye nguo lebo ya kudumu inayoeleza namna ya kuitunza, na koti langu halina lebo hiyo. Kwa siku mbili niliamini kwamba nina koti la kati ya 1970 na 1972, nikaandika hivyo kwa penseli. Kisha nikakumbuka zile pembe nne za uzi shingoni. Mtu aliyekata lebo moja anaweza kuwa alikata mbili, na kutokuwepo kwa kitu kilichoweza kukatwa hakuthibitishi chochote. Nikafuta.

Majuma manne yaliyofuata niliyatumia kutafuta matundu ya sindano. Wazo lilikuwa kwamba lebo iliyoshonwa kiwandani na baadaye kutolewa huacha safu ya matundu kwenye bitana, hasa bitana laini kama hii ambayo haijifungi ikishatobolewa. Niliikagua bitana yote sentimita kwa sentimita kwa lenzi ya fundi saa, nikiwa nimeiweka taa ya simu chini ya kitambaa ili mwanga upenye. Nilipata safu moja chini ya kwapa la kushoto, matundu kumi na moja yaliyonyooka, na moyo wangu ulidunda. Nilipoufumua mshono wa jirani na kuuchoma uzi wake, uliyeyuka ukawa punje ngumu, ilhali nyuzi nyingine za koti hili zilichomeka na kuacha majivu laini kama ya karatasi. Maana yake mshono ule ulikuwa wa fundi wa baadaye, aliyepunguza kwapa kwa uzi wa poliesta, na matundu yangu kumi na moja yalikuwa ya sindano yake. Siku hiyo nililikunja koti nikaliweka juu ya kabati, na kwa juma zima sikuligusa.

Nieleze pia kuhusu taa ya kukagulia noti, kwa kuwa wengi huishauri. Inasemekana kwamba nyuzi za zamani hazing'ai chini ya mwanga wake wa zambarau na za kisasa hung'aa. Nimeijaribu kwa nguo tisa na sasa nimeacha kuitegemea. Sabuni nyingi za unga zina kemikali ya kung'arisha inayobaki kwenye kitambaa, na nguo ya mwaka 1965 iliyofuliwa mara moja kwa sabuni ya siku hizi itawaka kama shati jipya. Taa hiyo inakuambia nguo imefuliwa kwa sabuni ya aina gani. Haikuambii imeshonwa lini. Lenzi ya fundi saa, kwa upande mwingine, ni kifaa ambacho ningekinunua tena hata kwa bei mara tatu. Na kwa kufumua ninapendelea wembe mpya uliovunjwa katikati kuliko kile kijiti chenye ncha mbili kinachouzwa pamoja na nyuzi, kwa sababu kijiti hicho huvuta uzi kabla ya kuukata, na bitana yenye umri wa miaka hamsini haivumilii kuvutwa.

Lililonitoa gizani ni neno la fundi mmoja mzee, mtu wa Bombo, ambaye cherehani yake iko ukingoni mwa soko. Nilimpelekea koti arudishe mshono wa kwapa niliokuwa nimeufumua. Aliligeuza mara mbili, akapitisha mkono ndani ya mfuko wa kifua, akaniuliza, "Mwalimu, mbona mfuko huu umezibwa?" Nilimjibu, "Hajji, nilidhani ndivyo ulivyoshonwa." Akatikisa kichwa. Mfuko wa ndani wa upande wa kulia ulikuwa umeshonwa mdomo kwa mkono, kwa mishono midogo sana ya rangi ileile ya bitana, pengine kwa sababu chini yake palikuwa pametoboka na mwenyewe hakutaka sarafu zake zianguke ndani ya koti. Nilikuwa nimepita juu ya mishono hiyo kwa lenzi si chini ya mara sita. Nilikuwa natafuta matundu, kwa hiyo nyuzi sikuziona.

Tuliufumua pale pale. Hajji aliuvuta mfuko nje kama anayetoa utumbo wa kuku, na pembeni mwake, ikiwa safi kabisa kwa kuwa haikuwahi kuguswa na mikono wala jua, kulikuwa na lebo ya chama cha wafanyakazi: Amalgamated Clothing Workers of America.

Thamani ya lebo hiyo iko katika jina lake. Chama hicho cha washonaji wa nguo za kiume kilianzishwa mwaka 1914, na mwaka 1976 kiliungana na chama cha wafanyakazi wa viwanda vya vitambaa, kikabadili jina. Lebo yenye jina la zamani haikuwa na sababu ya kushonwa kwenye koti baada ya hapo, na hata tukikubali kwamba mabaki ya lebo za zamani yaliendelea kutumika kwa miezi kadhaa, hatufiki miaka ya 1980. Tena lebo hii haikatwi na wachuuzi, kwa sababu hawajui kwamba ipo. Imefichwa ndani ya mfuko, na anayekata lebo hukata ile ya shingoni inayoonekana. Sakafu ni 1970 na dari ni 1976. Suala la 1972 halijatatuliwa, na sitalifuatilia tena kwa koti hili.

Nimerudi kwenye makoti mengine manne ya Kimarekani niliyo nayo na nimeivuta mifuko yote nje. Mawili yana lebo ya chama. Mawili hayo yalikuwa yameandikwa "haijulikani" katika daftari tangu mwezi wa pili, na sasa yana miaka.

Mpango wa juma hili ulikuwa kukamilisha ramani ya vibanda vya makoti vya Nakawa na Kalerwe, ambayo niliiahidi katika kumbukumbu iliyopita. Sikwenda. Nilipokuwa nasubiri mshono wa kwapa, Hajji alinionyesha kopo la biskuti lililojaa lebo alizozikata kwenye nguo za wateja tangu alipoanza kazi. Wateja wake wengi humwomba aondoe lebo inayowasha shingo, naye hakuwahi kuitupa hata moja. Humo nilikuta lebo za St Michael, ambazo maduka ya Marks & Spencer ya Uingereza yaliacha kuzitumia mwaka 2000, nikakuta pia tatu zilizoandikwa "Made in West Germany", ambazo kwa hiyo ni za kabla ya Ujerumani kuungana mwaka 1990. Chini kabisa palikuwa na ukanda wa kitambaa cha pamba, upana wa vidole viwili, uliochapwa kwa wino wa buluu: NYTIL, jina la kiwanda cha vitambaa cha Jinja.

Nimekaa miezi saba nikijifunza kusoma nguo za Marekani na Uingereza, na kumbe sijawahi kuandika hata ukurasa mmoja kuhusu kitambaa kilichofumwa kilomita 80 kutoka hapa, Jinja, kwa pamba ya Uganda na umeme wa bwawa la Owen Falls lililofunguliwa mwaka 1954. Kwa nguo hizo hakuna namba ya RN wala orodha ya kutazama kwenye intaneti. Kilichopo ni wino wa ukingo wa kitambaa, upana wa jora, na kumbukumbu za watu waliosimama mbele ya mashine zile, ambao wengi wao sasa ni wazee sana.

Hajji amenipa ukanda ule, nami nimeubandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya. Anakumbuka kwamba ulitoka kwenye kaptura ya shule, na kwamba aliyeileta alikuwa na nyingine mbili za aina hiyo na bado anaishi Walukuba, Jinja. Jumamosi nitapanda gari la saa kumi na mbili asubuhi. Nimechukua lenzi, nyembe mpya tano na futi ya kitambaa, na taa ya noti nimeiacha nyumbani.