Pilates si ya kutafuta tumbo bapa

Kila nikiingia Instagram siku hizi nakutana na binti kajilaza kwenye kitanda chenye springi na kamba, kucha zimepakwa rangi, na maandishi yanaahidi tumbo bapa ndani ya mwezi. Sina ugomvi na binti. Ugomvi wangu ni na hilo tumbo. Mimi ni fundi cherehani hapa Tanga, mama wa makamo mwenye tumbo lake, na Pilates, hayo mazoezi ya kupumua na kuimarisha misuli ya kiwiliwili anayoyafanya binti, naifanya ili nishone mpaka magauni ya watu yaishe bila kuinuka nimejishika kiuno.

Mafundi wenzangu wanaijua hali hiyo. Cherehani ya miguu haikuachi ukae sawa. Unainamia sindano, bega moja limepanda, nyonga imelalia upande mmoja, na msimu wa sare za shule au wiki ya kuelekea Idd nani anakumbuka kunyanyuka? Mgongo wangu ulianza kwa kukakamaa asubuhi. Baadaye hata mkasi ukianguka naita mtoto aniokotee.

Kijana wa fiziotherapia aliyenipokea hospitali alinigonga magoti kwa kinyundo, akaniinua mguu mmoja mmoja nikiwa chali, akaridhika kwamba hakuna mshipa wa fahamu uliobanwa. Nikajua sasa nitapewa dawa ya kuchua. Akasema, "Haya mama, tuanze kupumua." Nikamtazama. Yaani nimelipa bajaji nije kufundishwa kupumua?

Basi kumbe kazi iko hapo. Unaweka viganja kwenye mbavu, unavuta pumzi mbavu zitanuke pembeni, si tumbo lipande juu. Ukitoa pumzi, kitovu kinazama taratibu kuelekea mgongoni, bila kukaza makalio wala kukunja uso. Ukishaiweza hiyo ndipo unainua nyonga. Magoti umeyakunja, nyayo ziko sakafuni. Mkia wa mgongo unatangulia kuondoka chini, kisha kiuno, kisha mgongo wa kati, mpaka unabaki umelalia mabega. Kurudi ndiko kugumu: unaanza kulaza kifua, pingili moja baada ya nyingine, kama zipu inayofungwa jino kwa jino. Mimi nilikuwa nikifika kiunoni pingili zote zinashuka kwa pamoja, pu! Kijana anapitisha vidole chini ya kiuno changu na kusema, "Hapa mama, hapa pamelala usingizi." Palichukua wiki kadhaa kuamka, na siku palipoamka nilisikia misuli ambayo sikujua kama ninayo.

Ni yeye aliyeniambia kwamba mazoezi yale yametokana na Mjerumani mmoja, Joseph Pilates, aliyezaliwa Mönchengladbach mwaka 1883. Vita Kuu ya Kwanza ilimkuta Uingereza. Kwa kuwa alikuwa Mjerumani akawekwa kizuizini, na sehemu kubwa ya kifungo hicho ilikuwa Knockaloe, kwenye Kisiwa cha Man, kambi iliyojaa watu zaidi ya 20,000. Huko ndiko alikoendelea kuyapanga mazoezi ambayo baadaye aliyaita Contrology. Mwaka 1926 alihamia Marekani, na yeye na Clara, mwenzi wake, wakafungua studio Eighth Avenue, New York. Wacheza dansi wakaanza kuja na magoti yao na viuno vyao. George Balanchine na Martha Graham, watunzi wa dansi wenye majina makubwa, walikuwa miongoni mwa waliompelekea watu. Kwa hiyo kabla ya kuwa mambo ya mabinti wa Instagram, hii ilikuwa kazi ya mfungwa na tiba ya watu walioumia kazini. Hapo ndipo mimi na mcheza baleti tunapokutana.

Mzee Pilates alifariki mwaka 1967. Mwaka 2000 mahakama moja ya New York iliamua kwamba neno Pilates ni jina la kawaida la aina ya mazoezi, halina mwenyewe wa kuwazuia wengine. Ni vizuri, lakini ndiyo maana chumba chochote chenye kioo kikubwa kinaweza kubandika jina hilo mlangoni. Muulize mwalimu amesomea wapi kabla hujamkabidhi mgongo wako.

Kile kitanda chenye springi nimekijaribu Dar, mtoto wa dada yangu alinipeleka. Watu hudhani mashine ndiyo ngazi ya juu na mkeka ni wa wanaoanza. Kwangu ilikuwa kinyume. Springi zinaweza kukutilia ugumu, na zinaweza pia kukubebea uzito: mguu umetiwa kwenye kamba, unauzungusha, na nyonga haina habari. Ndiyo faida yake kwa mtu anayetoka kwenye majeraha. Mkekani hakuna wa kukubebea. Lile zoezi la mia, kwa mfano: uko chali, miguu juu, mikono inapigapiga kando ya mapaja, unavuta pumzi kwa mapigo matano na kuitoa kwa matano, mara kumi. Lisikie hivyo hivyo. Mimi kichwa nakiacha chini kwa sababu ya shingo, na bado dera linalowa jasho.

Je, inashinda mazoezi mengine? Mapitio ya mwaka 2015 ya Cochrane, shirika linalokusanya na kupima ushahidi wa tiba, yaliyokusanya majaribio 10 yenye watu 510 wenye maumivu ya kiuno, yaliona inasaidia kuliko kufanya kidogo au kutofanya kitu, lakini hayakupata ushahidi wa kutosha kwamba inapita aina nyingine za mazoezi. Sawa tu. Anayependa kuogelea na aogelee. Mimi inanifaa kwa sababu nafunga mlango wa banda, natandika blanketi juu ya mkeka (saruji inaumiza pingili), na sihitaji kiatu. Ingawa mteja mmoja alichungulia dirishani akakuta fundi kalala chali kimya, akapiga kelele mtaa mzima ukaja.

Ila msinikimbilie. Wenye mifupa iliyopungua nguvu wasijikunje mbele wala kubiringika juu ya mgongo, pingili zinaweza kuvunjika. Maumivu yanayoteremka mguuni yaonwe na mtaalamu kwanza. Na ukiona ganzi sehemu za siri au mkojo unakutoka bila habari yako, usitandike mkeka, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mgongo wangu haujapona kabisa. Wiki ya Idd bado unanikumbusha. Lakini mkasi naokota mwenyewe. Na niseme kweli, stuli yangu nayo niliiongeza kimo kwa kipande cha ubao. Hilo ni la seremala wa jirani, wala si la Pilates, na sina hakika yupi kati yao anastahili sifa zaidi.