Mfalme Pellinore na Binti Kisimani

Bwana asifiwe, wapendwa. Somo letu wiki hii ni Marko 5:21–43, ila niruhusuni nianzie kwenye hekaya ya Waingereza.

Katika visa vya Mfalme Arthur, kama Thomas Malory alivyovikusanya na vikachapwa mwaka 1485, yumo mfalme mdogo aitwaye Pellinore. Huyu alikuwa mtu wa kufukuzia: alimwinda mnyama wa ajabu ambaye tumboni mwake zilisikika kelele za mbwa jozi 30. Kwenye karamu ya harusi ya Arthur, bibi mmoja alitekwa mbele ya wageni, na Pellinore akatumwa amrudishe. Kazi njema kabisa.

Njiani akamkuta msichana kando ya kisima, amempakata shujaa aliyejeruhiwa. Akamlilia amsaidie kwa ajili ya Kristo. Pellinore hakusimama. Shujaa akafa, na msichana kwa uchungu akajiua. Mfalme aliporudi, akiwa amemwokoa yule bibi, alikuta wanyama wa mwituni wamemla msichana, kimebaki kichwa. Malkia Guinevere akamlaumu waziwazi. Kisha Merlin, mchawi na mshauri wa Arthur, akamfunulia Pellinore: yule alikuwa Eleine, binti yako mwenyewe.

Kinachonisumbua ni kwamba hakuwa mkatili. Alilia sana. Alikuwa kwenye utume tu, na sisi tunaotumika kanisani tunaijua haraka hiyo: kwaya inangoja, kikao cha wazee kimeshaanza, na mtu mlangoni anasema, "Samahani mchungaji, dakika moja."

Yesu naye yuko njiani, kwa dharura kubwa kuliko ya Pellinore. Binti wa Yairo, wa miaka 12, yu mahututi. Mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 anagusa vazi lake kwa siri, na palepale amepona. Yesu angeweza kuendelea na safari. Anasimama, anauliza, anamsikiliza mpaka aeleze yote, ndipo anamwambia, "Binti, imani yako imekuponya." Na kusimama huko kuna gharama: angali akisema, wajumbe wanafika, mtoto amekufa.

Yairo yupo hapohapo, ameyasikia yote mawili. Marko haandiki kwamba alinung'unika. Wiki hii isomeni mistari ya 35 na 36 polepole, mkisimama upande wake.