Siku moja maishani mwangu: kutafuta maktaba (msimbo ulioandikwa tayari) ya kugeuza XML, data iliyoandikwa kwa lebo

Saa 12:30 asubuhi. Foleni imeanzia Galleria, na makanga wa matatu yetu ya Rongai anaapa itafunguka sasa hivi. Nasoma habari za XSLT, lugha ya kugeuza XML kuwa muundo mwingine, kwenye simu. Jirani yangu anasoma za Gor.

Saa 2. Kazi yenyewe: benki hututumia taarifa za akaunti kwa XML ya ISO 20022, kiwango cha kimataifa cha ujumbe wa kifedha, aina ya camt.053. Mhasibu anataka jumla ya kila siku, zilizoingia kando na zilizotoka kando. Bosi anataka tutumie XSLT, ili muundo ukibadilika tuguse faili moja tu. Nakubaliana naye, jambo lisilotokea kila wiki.

Saa 3. Mwenzangu anauliza maktaba ipi ya XSLT ina kasi zaidi. Kwangu hilo ni swali la mwisho. La kwanza ni toleo la XSLT inaloelewa. W3C, shirika la viwango vya wavuti, ilipitisha XSLT 1.0 mwaka 1999, 2.0 mwaka 2007 na 3.0 mwaka 2017, lakini maktaba nyingi zimebaki pale pale kwenye 1.0. libxslt, ambayo lxml, maktaba ya XML ya lugha ya Python, huitegemea, ni 1.0. Ile inayokuja na lugha ya Java yenyewe, yenye asili ya maktaba ya Xalan, ni 1.0 pia.

Saa 4. Najaribu kwa xsltproc, amri ya kuendesha libxslt. Kukusanya miamala kwa tarehe katika 1.0 kunahitaji mbinu ya Muench: unatengeneza xsl:key, yaani faharasa ya miamala kwa tarehe, kisha unalinganisha vitambulisho vya generate-id() kupata muamala wa kwanza wa kila tarehe. Inafanya kazi, tena upesi. Nampa mwenzangu asome. Ananyamaza, anaenda kutafuta chai. Na ndiye atakayeirekebisha nikiwa likizo! Isitoshe, elementi za benki zimefungwa chini ya utambulisho mrefu unaoanza na urn:iso:std:iso:20022. Ukiandika Ntry (elementi ya muamala) tupu hupati muamala wala ujumbe wa kosa, kwa hiyo kila njia ya kufikia elementi lazima ibebe kiambishi, jina fupi la utambulisho huo.

Saa 7. Chapati madondo kibandani.

Saa 8. Sasa najaribu Saxon-HE, maktaba ya Java inayoelewa XSLT 3.0, kazi ya Michael Kay. Hapa kukusanya ni xsl:for-each-group na group-by, basi. xpath-default-namespace, inayotaja ule utambulisho mrefu, naiandika mara moja mwanzoni mwa faili, na viambishi kwenye njia vinaondoka. Mwenzangu anasoma na safari hii anauliza maswali.

Saa 9:30. Mkutano. Leseni ya Saxon-HE ni Mozilla Public License 2.0, hatulipi kitu. Kuchakata faili kwa mkondo, bila kulipakia lote kwenye kumbukumbu, kumo kwenye toleo la kulipia, Saxon-EE. Faili zetu ni za siku moja moja. Zikifika gigabaiti tutakaa tena.

Saa 11. Kwenye msimbo wa Java naitaja net.sf.saxon.TransformerFactoryImpl, darasa la kuanzisha Saxon, kwa jina. Njia ya kawaida, TransformerFactory.newInstance(), huchukua maktaba inayoikuta, na siku jar (faili lenye msimbo) ya Saxon ikikosekana Java itarudi kwenye ile yake ya 1.0, kisha tuhangaike na makosa yasiyoitaja jar hata kidogo. Afadhali programu igome kuwaka.